Pasi ya Adhuhuri

3 Machi

Mume wangu, mume wangu, mume wangu,

Nimeandika mara tatu kwa sababu neno hili bado nalionea raha. Juzi tulipokuwa tukiandikishwa chuoni, karani aliniuliza, "Mtu wako wa karibu ni nani?" Nikajibu, "Mume wangu!" kwa sauti ya mtangazaji wa mpira timu yake ikifunga bao. Wenzangu kwenye foleni wakaangua kicheko. Waache wacheke. Wao hawajui kwamba kuna fundi cherehani mmoja duniani anayeng'ata uzi kwa pembe moja ya mdomo huku akitabasamu kwa pembe nyingine, na kwamba fundi huyo ni wangu, kwa cheti na mashahidi.

Simu yako naijua. Inakufa Jumatatu, inapelekwa sokoni kuchajiwa Jumamosi, na ikifufuka Mama anaichukua asikilize taarifa ya habari. Kwa hiyo nitaandika, na dereva wa lori la mbao amekubali kuwa njiwa wetu. Tena barua ni bora. Barua naweza kuilalia.

Chuo ni mabanda ya mabati na uwanja uliojaa paneli za sola, zimelala zikiota jua kama mijusi. Mwalimu wetu tumempa jina la Mwalimu Waya, kwa wembamba wake, na kwa jinsi anavyokupiga shoti ukimgusa vibaya.

Sasa nisikilize kwa masikio yote mawili. Shirika linalotufundisha linajenga vituo vidogo vya umeme wa jua kwenye mitaa kama wetu, ile ambayo nguzo za umeme mkubwa huiona kwa mbali zikageuza shingo. Kila anayehitimu anapewa kituo cha kukiangalia. Nikamuuliza Mwalimu Waya, "Na mimi nikitaka mtaa wangu mwenyewe?" Akasema mpimaji atapita kwetu mwisho wa Mei. Akikuta zaidi ya nusu ya nyumba zimekubali kuunganishwa, kituo kitajengwa hapo na mimi nitapangiwa hapo. Akikuta chini ya nusu, nitapelekwa kwenye kituo cha zamani kule mpakani, mkataba wa miaka miwili. Miaka miwili, laazizi! Na sisi hata sufuria za harusi hatujazitoa zote kwenye maboksi!

Waambie majirani. Waambie ni nafuu kuliko mafuta ya taa, hauna moshi, hauna kelele. Waambie ni umeme kama umeme mwingine wowote! Nautegemea ulimi wako, ingawa najua huutoi nje mara nyingi.

Wako, mwenye pete inayobana kila joto likipanda,
Mkeo


17 Machi

Mke wangu,

Barua nimeipata. Niliisoma mbele ya wateja nikajifanya nasoma vipimo. Nilipofika pale pa kuilalia, nikamwambia mzee wa watu kiuno chake ni inchi tisini.

Mama hajambo, anakusalimu. Jana pasi ya mkaa ilitema cheche kwenye suruali ya bwana harusi. Tundu dogo, lakini mahali pabaya. Nimeitia kiraka kwa ndani na kumshauri mwenyewe siku hiyo asimame zaidi ya kukaa.

Kuhusu majirani, nimefikiri hivi. Nina mabaki ya kitambaa cha njano, yale ya sare za shule. Nakata vipande virefu. Nyumba inayokubali inafunga kipande mlangoni, ili mpimaji akija aone kwa macho. Mpaka leo kipo cha kwetu na cha jirani wa kushoto, ambaye alidhani ni kamba ya mbuzi, akamfungia wake.

Nitaongeza bidii. Miaka miwili ni mirefu.

Mumeo,
Fundi


6 Aprili

Ubani wangu,

Leo nimewasha taa ya kwanza kwa mikono yangu mwenyewe! Nilifunga paneli juu ya bati, nikashusha waya, nikaunganisha betri, Mwalimu Waya amesimama nyuma yangu mikono kifuani kama mtu anayesubiri ajali. Nikabonyeza. Ikawaka! Ilikuwa mchana kweupe, mwanga wake hata hauonekani vizuri, lakini mimi niliuona, nikapiga kigelegele pale pale juu ya ngazi. Mwalimu Waya akasema, "Dada, kwenye umeme tunashangilia tukiwa tumeshashuka."

Nimejipaka vumbi na grisi mpaka masikioni. Ungenipenda hivi hivi? Najua ungenipenda. Ungesema tu, "Hiyo blauzi ilete niifue."

Vitambaa vinaendeleaje? Niambie hata kama ni viwili. Mbuzi naye tumhesabu.

Wako wa juu ya ngazi,
Mkeo


24 Aprili

Mke wangu,

Ningependekeza ukae chini kabla ya kusoma.

Mtaa ni wa njano. Ukisimama kisimani ukatazama huku, unadhani shule imefunguliwa. Mama Mapacha amefunga cha kwake, na amefunga kingine dirishani. Kinyozi pia, yule anayebishana hata na kioo chake, alikuja mwenyewe kuchukua. Kitambaa kimeniishia, nimeanza kupasua bitana.

Usiniulize nimewaambia nini. Hata mimi nina ulimi.

Upande wako wa kabati nimeupanga. Sufuria zimetoka kwenye maboksi.

Mumeo,
Fundi


2 Mei

Mkaza mwanangu,

Marahaba kwa shikamoo zote ulizotuma, nimezipokea hata zilizochelewa njiani. Naandika mwenyewe, kwa miwani ya marehemu baba mkwe wako. Mistari ikipanda mlima usinicheke, ni miwani hiyo.

Mumeo ni mtu wa kupima maneno kwa futi, unamjua. Basi mwezi uliopita aligeuka kasuku. Nyumba hadi nyumba, jioni hadi jioni, chakula kinapoa. Nikamwambia, "Wewe, hata mimi mama yako hukuwahi kunisemesha hivyo." Akacheka tu, akachukua mkasi wake akatoka. Kuoa kumemfungua mdomo, Mungu akubariki.

Nina maswali mawili ya jikoni, wewe ndiye msomi wetu. La kwanza ni pasi ya umeme. Ninunue ile nzito au nyepesi? Maana mumeo ameshatuambia kila nyumba itapiga pasi yake, na mimi nimechoka kupuliza mkaa mpaka kope ziungue. La pili ni la Mama Mapacha. Anauliza hilo jiko la umeme achukue la kupikia vyungu viwili au vinne? Ana watu wengi, mimi nimemwambia vinne. Kinyozi yeye ameshamwambia mkewe auze jiko lao la mkaa kabla bei haijaanguka.

Jibu upesi, watu wana haraka.

Mama yako,
wa huku


8 Mei

Mume wangu, moyo wangu, ewe mtu uliyenitia wazimu,

Nimesoma barua ya Mama nikacheka. Halafu nikaacha kucheka. Halafu nikakaa kwenye kizingiti cha darasa mpaka mwenzangu akaniuliza kama kuna msiba.

Kituo chetu kitakuwa kidogo, laazizi. Kila nyumba itapata taa tatu, redio, kuchaji simu na feni ndogo ya mezani. Basi. Pasi moja peke yake inakula umeme mwingi kuliko taa za mtaa mzima zikila kwa pamoja. Jiko la umeme ndiyo usilitaje kabisa. Nyumba chache zikichomeka pasi kwa wakati mmoja, kituo kinazimika, na zikirudia rudia, kinaharibika. Mwalimu Waya alitupeleka kuona kimoja kilichokufa hivyo. Watu wa pale waliahidiwa kila kitu. Leo paneli zao wanaanikia nguo, na ukitaja sola wanakuonyesha njia ya kuondokea.

Kosa hili lina mikono miwili. Mmoja ni wangu. Mimi ndiye niliyeandika "umeme kama umeme mwingine wowote", kwa sababu nikikuandikia wewe kalamu yangu hulewa. Lakini sasa haijalewa. Naomba uwaambie ukweli. Waambie kabla mpimaji hajafika, na kabla mke wa Kinyozi hajabaki bila jiko.

Wakivua vitambaa vyao, wavue. Nikipelekwa mpakani, nitakwenda, na nitakuandikia mpaka dereva wa lori atuombe tumhurumie. Sitaki kurudi nyumbani kukaa kwenye kituo ambacho kila jirani akipita mbele yake ananiona mimi mke wa mwongo. Hilo neno nimelifuta, likarudi. Wewe si mwongo. Wewe ni fundi uliyekata kitambaa kabla ya kupima.

Nakupenda kuliko nilivyokupenda jana, na hilo linanikasirisha.

Mkeo


15 Mei

Mke wangu,

Nimewaambia.

Niliwaita mbele ya duka Jumapili asubuhi. Maneno niliyokuwa nimeyapanga yote yalinikimbia. Nikasema tu, "Pasi hamna. Majiko hamna. Ni taa tatu, redio, simu na feni ndogo. Niliahidi bila kuuliza."

Kinyozi akasema, "Fundi, yaani ulitupima suti ukatushonea kaptula?"

Wakacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na meno.

"Na mke wangu nimemwambia auze jiko!"

"Ameshauza?"

"Anabishana bei."

"Basi mwambie aendelee kubishana."

Mama Mapacha hakucheka. Alisema, "Mimi nilikuwa nimeshawaambia watoto." Akaenda kwake, akafungua kitambaa taratibu, akakikunja kama mtu anayerudisha nguo ya kuazima, akaja kuniwekea juu ya cherehani. Hilo liliniuma kuliko matusi, na matusi yalikuwepo.

Wa mwisho kusema alikuwa Kinyozi. Akatazama juu, jua lilikuwa limeshapanda, akasema kwa sauti ili wote wasikie: "Kwa hiyo jua lote hili, linalotuchemshia mpaka bati, ni la balbu tatu? Linalobaki linakwenda wapi? Linarudi kwao?" Wakacheka tena, wakatawanyika. Na yeye alivua cha kwake, akafuta nacho wembe.

Vitambaa vimebaki vichache. Mbuzi bado anacho.

Hukuniuliza kwa nini nilifanya vile, lakini nitakuambia. Sikuwa na hila. Nilikuwa nikifika mlangoni, watu wanauliza, "Na pasi je?" Naona uso wako, nasema ndiyo. Wanauliza, "Na jiko?" Naona uso wako, nasema ndiyo. Nilitaka urudi. Ni hilo tu.

Mpimaji anakuja baada ya wiki mbili. Mimi mpaka leo nalala upande wangu tu wa kitanda.

Mumeo,
Fundi


19 Mei

Nuru ya macho yangu,

Mstari wako wa mwisho umenifanya nitoke darasani nikajifanya nimeingiwa na vumbi machoni. Siku nyingine andika kitu kama hicho juu kabisa, mtu ajiandae.

Nilipomaliza kupangusa hilo vumbi, nikasoma tena maneno ya Kinyozi, na mwili ukanisisimka. Linalobaki linakwenda wapi? Alikuwa anakukejeli, najua, lakini ni swali! Nikalipeleka kwa Mwalimu Waya kama lilivyo, pamoja na lile "linarudi kwao". Alicheka, kisha akanishika mkono wa blauzi akanipeleka kwenye mita. Ilikuwa adhuhuri. Betri zilikuwa zimejaa pomoni, paneli bado zinazalisha, na hapakuwa na wa kupokea. Nani awashe taa saa sita mchana? Umeme ulikuwa unamwagika bure, kama maji ya bomba lisilokingiwa ndoo.

Nikamuuliza, "Saa hizo kituo kinaweza kubeba pasi?" Akafikiri, akakokotoa kwa kidole hewani, akasema, "Moja. Si mbili. Adhuhuri tu, siku ya jua tu, na mwangalizi wa kituo awe na jicho moja kwenye mita na jingine angani. Wingu likija, pasi inashuka."

Nikamwomba anihakikishie kwa hesabu, akanihakikishia. Safari hii nimepima kabla ya kukata.

Kwa hiyo, mpenzi wangu, ipo pasi moja ya mtaa mzima. Itakaa dukani kwako, kwa sababu wewe ndiye unayejua kuishika. Watu walete nguo adhuhuri. Jiko la Mama Mapacha halipo, na mwambie hapana iliyonyooka, usiipinde ukingo.

Na sharti moja. Usiende milangoni kwa ajili yangu. Nenda kama mtu ambaye mkewe ameshapangiwa mpakani na hakuna la kufanya. Uso wangu ukikutokea, ufukuze. Utaurudisha jioni.

Wako hata nikifukuzwa,
Mkeo


1 Juni

Mkaza mwanangu,

Mumeo amesema ataandika, lakini atakuandikia mistari mitatu na salamu, kwa hiyo nimemtangulia.

Mpimaji alikuja jana. Ni mwanamke, mfupi, kofia pana kama ungo. Na kumbe vitambaa hata hakuvitazama! Alipita nyumba kwa nyumba na swali moja: "Umeambiwa utapata nini, na hutapata nini?" Anayejibu ovyo, nyumba yake haihesabiwi. Nikasema moyoni, angetujia mwezi uliopita, tungeanikwa sote juani.

Lakini mwanangu, mtaa huu umegombana wiki mbili nzima kwa ajili ya umeme huo. Kisimani ni umeme, msibani ni umeme. Hata asiyetaka kujua amejua. Nilimfuata mpimaji nyuma nyuma nikijifanya natafuta kuku. Kwa Kinyozi alipouliza, jamaa akamjibu bila kuacha kunyoa: "Taa tatu, redio, simu, na feni ya kufukuzia nzi. Jiko hamna, birika hamna, pasi hamna."

"Pasi hamna kabisa?"

"Ipo moja, kwa Fundi. Adhuhuri, jua likiwepo. Wingu likija unarudi nyumbani na suruali yako ina makunyanzi kama shangazi yangu."

"Na bado unataka?"

"Mama, mimi nanyoa watu kwa mkasi kama kondoo. Mashine ya kunyolea haili umeme mwingi, nimeuliza. Niunganishie hata leo."

Mpimaji alikaa kwenye kiti cha kunyolewa akacheka mpaka kofia ikaanguka.

Tukafika kwa Mama Mapacha. Mlango mtupu. Mumeo alikuwa ameshaniambia yule mama alimfungia mlango usoni mara ya pili alipokwenda, kwa hiyo nilitaka kupita haraka. Mpimaji akabisha. Mama Mapacha akatoka, mtoto mmoja kiunoni na mwingine ameshika gauni, akasema: "Jiko nimenyimwa, na nimeambiwa wazi. Fundi hakunipaka mafuta, alianza na hapana kabla ya hodi. Nikakasirika. Lakini watoto wangu wakiamka wanapenga masizi ya kibatari. Taa tatu zinanitosha. Niandike."

Kisha akaja dukani, hana salamu. "Nipe kitambaa changu." Mumeo alikuwa amekiweka pembeni. Tena amekitia ukingo. Mama Mapacha akakigeuza huku na huku akitafuta kasoro, hakuiona, akaenda nacho.

Mpimaji hakutuambia tumepita au tumeanguka. Aliuliza tu kituo kikijengwa kikae wapi. Kabla mtu hajafungua mdomo, mimi nikamwonyesha kile kiwanja cha nyuma ya duka la mwanangu. Kina jua zuri. Na kama kuna sababu nyingine, mimi mtu mzima, sijui.

Mama yako


12 Juni

Mume wangu, mume wangu, mume wangu, mume wangu,

Mara nne, kwa sababu NARUDI!

Tumepita! Mwalimu Waya alisoma majina na vituo tukiwa tumesimama uwanjani kati ya paneli. Alipofika kwangu alisoma jina la mtaa wetu, akanitazama kwa juu ya karatasi, akasema, "Na kigelegele usubiri uwe chini." Nikamwambia, "Mwalimu, niko chini!" Akatazama miguu yangu, akasema, "Haya." Nikakipiga. Wenzangu wakakipokea, hata wa mpakani.

Wanaanza kuchimba mashimo ya nguzo mwezi ujao. Mimi nafika na lori la mbao Jumamosi, nimekaa mbele na dereva. Anasema nauli ni kumsomea barua moja. Nimekataa. Nitalipa.

Usinipokee barabarani na tepu ya kupimia shingoni mbele ya watu. Au nipokee nayo. Nipokee vyovyote!

Mkeo, mkeo, mkeo


14 Novemba, adhuhuri, kituoni

Kwa Fundi, dukani, kwa mkono wa Mama Mapacha anayekuja huko na kapu la nguo.

Mume wangu, shusha pasi. Wingu linatoka upande wa kisimani, kubwa. Mita imeanza kuteremka. Waambie wenye foleni likipita tutaendelea. Na wewe mwenyewe njoo unywe maji, toka asubuhi umesimama. Ningeweza kupiga simu, siku hizi haizimiki, lakini kuandika ni tamu zaidi.

Mkeo, hatua chache nyuma ya ukuta wako


(nyuma ya karatasi hiyo hiyo)

Mke wangu,

Nimeshusha. Foleni imenuna. Kinyozi ameshika shati lenye mkono mmoja ulionyooka na mmoja bado, anauliza kama hilo wingu ni la kweli, au umenikumbuka tu kama juzi.

Fundi


(chini yake)

Mwambie la leo ni la kweli.